Simu Iliyofukia Maduara

Asubuhi ile Waisiko alikuwa anamenya viazi nje ya jiko alipoona kwamba duara, lile shimo lililokuwa nyuma ya banda la mbuzi, halipo. Wachimbaji walilichimba wakitafuta dhahabu, wakalikosa, wakahamia kilimani na kuliacha wazi. Mbuzi wake walishafia humo. Sasa palikuwa na majani mafupi yenye umande. Alipakanyaga, pakakanyagika. Akarudi kwenye viazi vyake.

Simu yake, aliyotumiwa na binti yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ilikuwa imelala kwenye chaji dukani kwa Owuor, fundi simu, mwenye sola na waifai. Alipoifuata, Owuor alimwambia imejisasisha yenyewe.

"Imejifanyaje?"

"Imejiongezea ulinzi, mama. Wezi wa siku hizi wanaingia kwenye simu bila kugusa mlango. Kampuni inatuma kinga, simu inajidunga yenyewe. Nilikuwekea hivyo ili upumzike."

Mwezi uliofuata simu ilijisasisha tena, na duara la karibu na kisima likafunga. Halafu la nyuma ya kanisa. Watu wa Matongo walisema ni vizuri, watoto sasa wanacheza bila kuchungwa, na mchungaji akapanda mahindi pale. Waisiko peke yake ndiye aliyekosa usingizi. Maduara yalikuwa yanafunga kwa kufuatana, kutoka kwake kupanda kilimani, na zamu sasa ilikuwa ya duara la Method, mwenye kuchimbisha vijana. Hilo lilikuwa na watu. Mmoja wao alikuwa Simioni, kitinda mimba wa Waisiko.

Simu ilipoandika kwamba sasisho liko tayari, alibonyeza "Nikumbushe baadaye" kwa kidole cha mwisho, maana vingine vilikuwa vimeota sugu za jembe na simu haikuvitambua. Kisha akapanda kwa Method.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Toa watu wako wote, mura, niiache hii simu ifanye kazi yake. Mtachimba pengine."

Method aliitazama simu kama mtu anayetazama mvua ya kijiji cha jirani. "Mama, duara halilali. Wakitoka hawa wanaingia wengine."

"Humo sasa hivi yumo nani na nani?"

"Ah, nani anajua? Wamo."

Zamani mchimbaji akishuka aliacha ndala zake mdomoni mwa duara, na aliyetaka kujua nani yumo aliangalia ndala. Lakini ofisa wa serikali alipoanza kupita na kuziangalia yeye pia, Method aliagiza kila mtu ashuke na zake. Mdomo wa duara ulikuwa msafi kama ua lililofagiwa.

Waisiko akaenda kwa Owuor. "Zima huko kujisasisha."

Owuor akazima. "Ila, mama, kampuni ikichoka kusubiri itaweka kwa nguvu. Kinachoizuia ni chaji tu. Ikiwa chini ya nusu, haithubutu."

Basi Waisiko akawa anawasha tochi ya simu mchana kweupe ili chaji iishe, kuku wakimtazama. Simioni naye aliona jinsi mama yake anavyohangaika na simu inayozimika kila mara, akamhurumia. Siku moja akienda kazini aliichukua kimyakimya, akaipitisha dukani. Owuor hakuwepo. Alikuwepo mkewe, Vivian.

"Shemeji, mjazie mama yangu mpaka pomoni," Simioni alisema, akapanda kilimani akipiga mluzi.

Waisiko alipoikosa simu nyumbani na kufika dukani, mstari wa sasisho ulikuwa unajaa polepole kwenye kioo.

"Nichomoe?"

"Usichomoe, mama, itakufa," Vivian alisema. "Na ikishaanza hairudi nyuma."

Waisiko alipandisha kilima kwa mbio ambazo hakuwa nazo tangu usichana.

"Simioni! Pandeni! Pandeni wote, ardhi inafunga!"

Chini wakacheka. "Simioni, mama amekuletea uji!"

Kisha kuta zikawagusa mabega. Walipanda kamba wakifuatana, ndala menoni. Simioni alitoka bega limechubuka. Mdomo wa duara ukafunga taratibu, bila kishindo, kama utosi wa mtoto unavyokomaa, na majani yakaota.

"Mmetoka wote?" Waisiko aliuliza.

Walitazamana. Mmoja alisema kulikuwa na wengine upande wa chini, walioingia alfajiri. Mwingine alisema hao walishatoka. Method alisema walishatoka. Wote wakatazama mahali pa ndala. Hapakuwa na kitu.

Method akahamisha kamba yake kando kidogo, akachora duara jipya kwa kisigino. Simioni akashika sururu. "Nisipochimba, mama, tutakula nini?" Lakini tangu siku hiyo alishuka na ndala moja, ya pili aliiacha nyumbani kwa mama yake.

Duara jipya lilipokuwa limeshakwenda chini, akaja mwanamke kutoka Kisaka, jina lake Agustina. Mwanawe Nikolaus alimwambia anafanya kazi kwa Method, na sasa simu yake haipatikani.

"Vijana wa machimbo wanahama, mama," Method alimwambia. "Mtafute kule Nyakunguru."

Waisiko akamshika mkono, wakakaa juu ya yale majani ya duara lililofunga. Agustina aliyapapasa, akasema ni laini. Akapiga namba tena.

Simu ya Waisiko ikalia. Sasisho jipya lilikuwa tayari, na chaji ilikuwa juu ya nusu. Akabonyeza "Nikumbushe baadaye", akawasha tochi, akailaza juani.