Jibu la Rusekera

Mwaka 1991 wakubwa wa posta, waliokaa Kigali na kwa hiyo wakijua kila kitu, waliamua kwamba ofisi yoyote isiyotuma barua mia kwa mwezi ifungwe. Mzee Cassien alipozisikia habari hizo nyumbani kwa binti yake Gikondo, humo humo Kigali, alikohamia baada ya kustaafu, chakula kilimshinda. Posta ya Rusekera aliifungua yeye mwenyewe mwaka 1958, ndani ya ghala la kahawa, kwa muhuri mmoja na mizani mbovu. Mji wenyewe ulikuwa kanisa, maduka matatu na mlevi mmoja wa kutegemewa. Miaka thelathini aliwasomea watu barua zao kwa sauti, ndiyo maana Rusekera hapakuwa na siri.

Basi akapanga kuwaandikia wote. Wakijibu, ofisi imepona. La kuwaambia hakuwa nalo, kwa hiyo aliwaandikia historia ya mji: nani alisogeza mpaka wa shamba la kanisa, ng'ombe wa nani alikula daftari la posta, bwana arusi gani alitoroka kwa baiskeli ya padri. Majina aliyataja. Binti yake, Mukashema, alimwambia anatafuta matusi kwa gharama ya stempu. Mzee akasema matusi nayo ni barua.

Barua mia na ishirini ziliondoka. Halikurudi jibu hata moja.

Jumamosi ya nne pikapu ilisimama mlangoni. Walishuka watu kumi na tisa wa Rusekera, wamevaa nguo za kanisani, wamekaguliwa vitambulisho kwenye kila kizuizi cha wakati ule wa vita, wamekuja kumjibu. Walimjibu mpaka saa kumi, kwa zamu na kwa ufasaha mkubwa, huku wakinywa chai ya Mukashema. Cassien, machozi yakimlengalenga, akawauliza kwa nini hawakuandika. Wakashangaa. Mtu anajulikana anapokaa, stempu ya nini?

Wa mwisho kusema alikuwa Nahimana, karani aliyemrithi pale posta. Alitoa bahasha ya makao makuu, yenye jina la Cassien, iliyotoka Kigali ikaenda Rusekera kwa kuwa faili lake lilijua anwani hiyo tu. Ofisi ingefungwa Jumatatu. Mzee aliisoma mara mbili.

"Muzee, usikasirike," Nahimana alisema. "Nimeileta kwa mukono. Kwa posta ingechelewa."