Nusu Ikae Kitabuni

Kila asubuhi Liliane alichonga penseli kwa wembe kabla ya kufungua dirisha la maktaba ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Alikuwa na penseli mbili tu, na zote zilikuwa bado kali tangu jana, kwa kuwa hakuna aliyeziomba. Lakini chuoni Bujumbura walimfundisha kwamba maktaba huianza siku kwa penseli iliyochongwa, naye hakutaka kuacha hata jambo moja kati ya yale machache aliyovuka nayo mpaka. Kisha alipangusa vumbi jekundu kwenye rafu, akavuta droo za kadi alizozitengeneza kwa maboksi ya sabuni, akafungua daftari la wasomaji penye ukurasa mtupu. Hapo ndipo Mama Vénérande alipoingia, kama ada yake. Alichukua atlasi akaisoma wima, mgongo ukutani, kidole kikifuata ufuko wa Ziwa Tanganyika polepole, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala.

Siku ile kidole hakikufika hata Rumonge. Gari lilisimama nje. Mlango wa chuma, ambao enzi kambi ilipokuwa gereza ulifungwa kwa nje, ukasukumwa kwa nguvu. Mama Vénérande alirudisha atlasi rafuni kichwa chini, akapita ubavuni mwa mgeni bila salamu.

Mgeni alikuwa Bwana Msukwa, wa ofisi ya Lilongwe iliyoleta vile vitabu. Alikuwa mtu wa Karonga aliyesomea Mbeya, kwa hiyo Kiswahili kilimkaa vizuri mdomoni. Alipekua daftari kurasa chache, akafika mwanzo mapema kuliko alivyotarajia.

"Dada Liliane, vitabu mia nne na sitini. Miezi mitano. Wasomaji kumi na mmoja?"

"Ndiyo, bwana."

"Na wanne kati yao ni wahubiri. Hao husoma hata gazeti lililofungia chumvi."

"Ndiyo, bwana."

Msukwa alivua miwani. "Sisemi kwa ubaya. Kuna shule karibu na Mponela, watoto saba wanagombea kitabu kimoja. Mwisho wa mwezi ujao niletee daftari mjini. Likiwa hivi hivi, nitatuma gari lije kuvichukua."

Liliane alitaka kumwambia kwamba watu huja. Kwamba siku za mvua chumba hujaa mpaka pumzi zikagongana. Kwamba yule mama aliyempita mlangoni hajakosa hata siku moja. Alitaka kusema: vitabu vibaki. Maneno yalimjaa kinywani kama nsima ya moto, yasitemeke wala yasimezeke.

"Sawa, bwana," akasema.

Gari lilipoondoka alikwenda barazani kwa Maombi, mshonaji wa Uvira, aliyekuwa na cherehani ya mkono na ulimi usiopumzika. Maombi alimsikiliza huku akiuma uzi.

"Batu banapenda buku zako, mamzele. Njo maana banakuya. Lakini ile karatasi yako iko nauliza kama askari wa bariyeri pa njia."

"Ni fomu ya maktaba tu, Mama Maombi."

"We unajua ni ya maktaba. Mi najua nini? Jina. Jina ya baba. Kilima ulizaliwa. Luga ya nyumbani." Alihesabu kwa vidole, kila kidole kikidondoka kama kitu kizito. "Kule kwetu balikuya na daftari kwanza. Panga ilikuya nyuma."

Liliane alikuwa ameinakili fomu ile ya chuoni kwa kichwa, mstari kwa mstari, kama mtu anavyokumbuka sala, na hakuwahi kuisoma kwa jicho la anayeijaza. Hata hivyo, ni nani aliyepaswa kujua kuliko yeye? Mpakani, karani alipomuuliza jina la baba, alitaja la mjomba aliyekufa zamani, kwa sababu la baba yake lilikuwa katika orodha ya wanaosakwa iliyobandikwa ukutani kule nyumbani, na hakujua orodha ile ilikuwa na miguu mirefu kiasi gani. Tangu siku ile kadi yake ya kambi ilimwita binti wa marehemu. Aliyewahi kuikimbia karatasi alikuwa amekaa miezi mitano nyuma ya meza, akiwashangaa wanaoikimbia yake.

Mteja alifika kuchukua gauni. Hakutaja jina, wala hakuulizwa. Alifungua fundo la kitenge, akatoa kipande cha kitambaa kidogo kama kucha ya kidole gumba. Maombi alikilinganisha na nguo zilizokunjwa kikapuni, nusu ya jani lililochapwa ikakutana na nusu yake, akampa gauni.

"Na ukisahau jina lake?" Liliane aliuliza.

"Jina ya kazi gani? Kila mutu anaacha kitambaa, mi nakata pembe, anaenda nayo. Kitambaa haina kabila." Akacheka. "Ina bei tu."

Mchana ule Liliane alizikusanya fomu zote akazikunja kwa mgongo, upande mweupe juu, ziwe mifuko ya kadi. Mkono wake ulisita kwenye ile ya mwisho. Ilikuwa na mistari iliyonyooka kuliko zote. Nayo akaikunja.

Utaratibu mpya ulikuwa hivi. Anayeazima alichagua kipande cha kitambaa katika masalio ya Maombi. Liliane alikikata kwa mkato wa kupinda: nusu ikakaa kwenye mfuko wa kadi ya kitabu, nusu ikaenda na msomaji. Kitabu kiliporudi, nusu mbili zilikutanishwa, na Maombi akazishona pamoja kwenye utepe mrefu wa kitambaa cha marekani, pindo kwa pindo.

Wiki ya kwanza walikuja wachache, wakigeuzageuza vitambaa kana kwamba jina limefichwa ndani ya uzi. Mzee Cishahayo alikaa saa nzima akiulizia kitabu cha kutibu mbuzi. Liliane aligundua kuwa anacho, ila kimelala droo ya mbali chini ya jina la mwandishi ambaye hakuna aliyemfahamu. Basi akaandika kadi nyingine: mbuzi, homa, maharage, barua, kujifungua, kwa Kiswahili, kwa Kirundi, na kwa Chichewa alichosaidiwa na wauza nyanya wenyeji. Droo zikavimba.

Siku moja ya mvua Mama Vénérande alisimama mbele ya meza, badala ya ukutani. Mkononi alikuwa na atlasi. Jalada lake lilikuwa na alama nyekundu: kitabu hiki hakitoki.

"Mimi nimekuja na kitambaa changu," alisema, bila kuinua macho. Kilikuwa kipande cha kitenge kilichopauka, kimekauka kwa matope ya njia ndefu. "Hiki ndicho nilichombebea mtoto."

Liliane alijua mtoto huyo hakufika Dzaleka. Kambi nzima ilijua. Aliitazama alama nyekundu, sheria aliyoipenda kuliko zote. Kisha akachukua mkasi, akauliza kwa sauti ndogo, "Nikate wapi, mama?"

Mama Vénérande akamwonyesha.

Siku tisa baadaye atlasi ilirudi ikiwa imevikwa jalada la mfuko wa unga, lililoshonwa vizuri kuliko la kiwandani. Lakini nusu ile hakutaka ishonwe. Alitoka na atlasi tena.

Mwisho wa mwezi aliopewa Liliane alipanda matola, nyuma ya gari, kati ya magunia ya mahindi, utepe ukiwa umeviringishwa kifuani kama mtoto. Mfukoni alikuwa na barua yenye maneno ya adabu aliyoyaandika mara nne. Ofisini Lilongwe, Bwana Msukwa aliuliza daftari liko wapi. Liliane alitafuta barua, vidole vikakwama mfukoni. Badala yake akautandaza utepe. Ulivuka meza, ukashuka, ukafika mlangoni.

Msukwa aliutazama kwa muda. "Hii ni nini?"

"Hivi vilivyoshonwa vimeazimwa vikarudi. Mia mbili na kumi na vinne. Hizi zilizoshikwa kwa pini ni nusu za vilivyo nje." Alishangaa kusikia sauti yake inaendelea. "Vilivyopotea ni viwili. Kimoja kilinyeshewa."

Msukwa aliinama, akagusa kipande kilichopauka chenye pini. Hakuuliza kilikuwa cha nani, na Liliane akamshukuru kimoyomoyo.

"Majina hakuna," alisema hatimaye.

"Hakuna, bwana."

"Wakubwa zangu hawasomi vitambaa, dada. Lakini naweza kuwaandikia. Watataka mtu mmoja wa kushika dhamana, jina kamili na la baba, kama lilivyo kwenye kadi ya kambi." Akafungua kalamu. "Nipe kadi yako."

Aliitoa, akaishikilia. Ilikuwa rahisi kuiweka mezani. Karani yeyote angenakili, gari lingerudi bila vitabu, na mambo yangekwisha. Lakini utepe ulikuwa pale kati yao, kila kipande kimekutana na mwenzake wa kweli.

"Kadi hii haiko sawa," alisema.

"Vipi?"

"Aliyeijaza alikuwa anaogopa."

Msukwa alishusha kalamu. "Unajua itabidi ueleze ofisi ya kambi? Watakuuliza mengi."

"Najua."

"Haya. Baba yako anaitwa nani?"

Karani wa chumba cha pili aliacha kupiga taipu. Liliane aliweka kiganja juu ya kitambaa.

"Ntahomvukiye," alisema, na kwa kuwa lilitoka chini mno, akalirudia. "Baba yangu ni Ntahomvukiye, wa kilima cha Nyarurambi. Mimi ni Liliane, binti yake. Vitabu vibaki."