Printa Inayozimwa Kila Jioni

"Mama, usiizime! Nimekwambia mara ngapi?"

"Na mimi nimekwambia mara ngapi? Sitoki ofisini nikaacha kitu kinawaka."

Tulikuwa masijala ya zahanati ninakofanya kazi, mimi na binti yangu, fundi mtandao aliyepewa wiki moja ya majaribio. Wiki ilikuwa inaisha jioni ile. Kila asubuhi kompyuta hazikuiona printa, wagonjwa wakangoja barua za rufaa, na msimamizi alishasema atatafuta fundi mwingine.

"Ile njia ya kompyuta kujitafutia printa nimeiacha, inaipoteza ovyo," alisema. "Nimeweka njia ya TCP/IP, inakwenda moja kwa moja kwenye anwani ya printa. Lakini ukiizima, asubuhi inapewa anwani nyingine. Barua zinabisha hodi nyumba ambayo mwenyewe kashahama."

"Basi ipe anwani isiyohama. Si wewe ndiye msomi?"

Alifungua mdomo anijibu, kisha akaona ninapotazama. Mkono wake wa kushoto una kovu la pasi niliyosahau kuizima akiwa na miaka miwili.

"Mama, hata leo bado unaiwaza?"

"Hata leo, mwanangu."

Hakubisha tena. Alivuta kiti, akafungua ukurasa wa ruta, kile kifaa kinachogawa anwani, akaifungia printa anwani yake ya kudumu.

"Haya, zima. Zima kila siku, mama yangu."

Nikazima, nikawasha. Tulingoja iamke, akatuma barua moja, ikatoka.