Mtoto wa Nyuma ya Ukuta

Waliokuwapo sebuleni ni wanne: baba, ambaye ni fundi mwashi aliyepatwa na kiharusi; mama; mjomba, yaani kaka yake mama, mwenye nyundo mkononi; na binti, mtoto wa pekee wa baba na mama.

Baba aliugonga ukuta kwa mpini wa mwiko, akatega sikio kama alivyozoea kutafuta plasta iliyobanduka, kisha akamwambia binti: "Hapa pana uwazi. Ndicho chumba cha dada yako. Nilikiziba kwa mikono yangu."

Binti hakuwa na dada. Daktari alikwisha kuwaeleza: mzee hadanganyi, ubongo uliojeruhiwa hauvumilii pengo, huliziba kwa chochote kilicho karibu, na mwenyewe huapa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo, tangu arudi kutoka hospitali, kila jioni walimketisha wakamwuliza habari za zamani, wakidhani wanainoa kumbukumbu yake. Jioni moja alimtaja binti mwingine; alipokwama, walimsaidia kwa maswali. Alikuwa na umri gani? Alivaa nini? Hivyo mtoto yule akapata gauni la buluu, kisha kikohozi.

"Shemeji, nikikuta matofali matupu, nitakutania mwaka mzima," mjomba alisema. Hakucheka mtu.

"Bomoa, kaka," mama alisema kwa sauti nyembamba. "Jana nilimsikia akikohoa."

Ukuta ule ndio uliobeba paa, lakini kilichomtia binti ubaridi ni macho ya mama, yaliyovimba kwa kumlilia mtoto ambaye hakuzaliwa. Akapiga magoti mbele ya baba.

"Baba, na yule mbuzi wetu mweupe je?"

Hawakuwahi kufuga hata kuku.

Uso wa baba ukang'aa. "Yule kilema? Dada yako alimpenda mno. Alikataa kuingia chumbani bila yeye."

"Ee, masikini," mama alinong'ona. "Mguu wa nyuma. Nilikuwa nimemsahau kabisa."

Mjomba alimtazama dada yake, akashusha nyundo taratibu. Bila kuambizana, wote wanne wakajikuta wameuelekezea ukuta masikio.

Sasa binti aliwajua waliokuwa wakikijenga chumba kile: ni wao wenyewe, kwa maswali yao. Alisimama, akaichukua nyundo mkononi mwa mjomba.

"Nisikilizeni. Ukuta huu haubomolewi. Na kuanzia leo, katika nyumba hii, hakuna atakayemwuliza baba swali lolote la zamani. Hata mimi. Na akianza mwenyewe, mama, wewe usiitikie."