Mkono wa Breki

Fundi alinyunyiza maji kwenye sahani ya breki ya mbele, na maji yakaruka chwaa kama kitunguu kilichoingia kwenye mafuta ya moto.

"Mara ya nne hii," alisema. "Shemeji, akili yangu imefika mwisho."

"Basi azima ya jirani," mama akamjibu.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisimama mlangoni mwa gereji, mikono kiunoni, akiitazama pikipiki ya magurudumu matatu aliyoiacha mumewe. Mwezi wa tatu huo tangu wamzike. Fundi alikuwa mdogo wa marehemu, na pembeni yake, kofia ya kuendeshea ikiwa kwapani, alisimama binti wa marehemu. Tangu utotoni walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukufungwa breki.

"Mama, mimi nimeshasema, hii pikipiki ina wivu. Haitaki nipate kazi."

"Chuma hakina wivu. Nyamaza baba yako mdogo afikiri."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kubeba vigae kutoka duka la vifaa vya ujenzi, hapo juu kilimani karibu na gereji, hadi kwenye nyumba zilizokuwa zikijengwa bondeni. Siku tatu mfululizo Chiriku alikwama katikati ya mteremko, gurudumu la mbele likifuka moshi. Asubuhi hiyo mwenye duka alimwambia bila kuzunguka: mzigo wa saa nane usipofika, kazi anapewa mwingine.

Si kwamba fundi alikuwa amelala. Siku ya kwanza alizitoa pistoni zinazobana pedi, akazisafisha, akabadilisha mipira yake. Siku ya pili alibadilisha bomba la mafuta ya breki, akidhani limevimba kwa ndani. Ya tatu alichukua waya mwembamba akazibua kile kitundu kidogo ambacho mafuta hurudi kupitia kwacho ukiachia breki. Aliweka mafuta mapya, akatoa hewa yote. Akiinua gurudumu na kulizungusha kwa kidole, lilizunguka laini kabisa.

"Breki yako inashika vizuri sana," alisema. "Ubaya wake haiachii. Na haiachii akiwa huyu tu."

Hapo ndipo penye kitendawili. Jana mama mwenyewe aliishusha mpaka chini, sahani ikabaki na uvuguvugu wa kawaida. Chiriku akiishusha, unaweza kupigia pasi.

"Basi ni wewe," mama akasema. "Unateremka umeminya breki njia nzima. Umeogopa, sema umeogopa."

"Haki ya Mungu siigusi!"

"Pafukapo moshi pana moto, mwanangu. Na penye moto pana mkono uliowasha."

Fundi akacheka kidogo. Alichota grisi nyeusi kwenye kopo, akaupaka mkono wa breki kote, juu na chini, kisha akampa Chiriku kitambaa. "Futa vidole vyako viwe safi. Shuka bila mzigo, simama kwa breki ya mguu tu, urudi. Ukiugusa huu, grisi itakusema."

Chiriku akashuka. Walimsikiliza. Injini ilinguruma vizuri mpaka pale barabara inapoanza kuinama sana, halafu sauti ikawa nzito, kama ya mtu anayevuta gunia. Baada ya muda akarudi. Kupanda hakukuwa na shida. Haikuwahi kushika kwenye kupanda. Harufu ya pedi zilizoungua ilimtangulia kufika.

Alinyoosha mkono wa kulia. Kiganja cheupe, vidole safi hata kwenye kucha.

"Mmeona? Niombeni radhi, wote wawili, kwa zamu."

Fundi alikuwa ameinama juu ya usukani. Kwenye grisi kulikuwa na alama nne za vidole, zimezama, pana. Aliushika mkono wa Chiriku akauweka karibu bila kugusa. Kila alama ingemeza vidole vyake viwili. Na ya tatu ilikuwa fupi. Ilikatikia kwenye kiungo cha kwanza.

Mnyororo wa pikipiki ulikula kidole hicho miaka kumi na mmoja iliyopita. Fundi ndiye aliyempeleka kaka yake hospitali, kile kipande kikiwa ndani ya leso.

"Shemeji," alisema polepole.

"Nimeona."

Jua lilikuwa la saa saba, kali, halina hata kivuli cha kujificha. Barabarani mtu alipita akisukuma mkokoteni, akawasalimia, nao wakaitikia. Mama alikuwa akikumbuka jinsi mumewe alivyomfundisha binti yao kuendesha: amekaa nyuma yake, mkono wake mkubwa juu ya ule mdogo, na kila wakifika mteremkoni anaminya yeye kwanza.

"Ni baba," Chiriku akasema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo.

Fundi alifuta paji la uso. "Iuzeni hii. Au niing'oe breki ya mbele."

"Kilo mia nne za vigae, mteremko ule, bila breki ya mbele? Una wazimu?"

"Na ikiendelea hivi ni hatari zaidi, shemeji. Akizidi kushika, mafuta yatachemka. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke haubani kitu. Mtoto ataminya mkono mpaka mwisho na pikipiki isisimame. Anayemlinda ndiye atakayemuua."

"Pakieni vigae," mama akasema.

Walipakia wote watatu. Sahani ilipopoa kabisa, zilibaki dakika ishirini kufika saa nane. Chiriku akavaa kofia. Mama alikwenda mbele, akaufuta ule mkono wa breki kwa khanga yake, akainama juu ya usukani. Alitumia sauti ileile ya kumkaripia mtu aliyeingia sebuleni na viatu vya matope.

"Baba Chiriku, nisikilize, sirudii. Unambana mtoto. Unadhani unamsaidia, unachemsha mafuta. Akifika ile kona ya chini hatakuwa na breki, si yako wala yake. Nilishakuzika, sina nguvu ya kuzika mwingine. Amekua. Achia." Akavuta pumzi. "Na kama mkono wako umekosa kazi, nishike mimi."

Fundi alitazama pembeni. Chiriku hakucheka.

Mama aliminya breki, akaiachia. Siku zote hizo, Chiriku akiwa juu yake, ilirudi kwa kusitasita. Sasa ilirudi ta! mara moja, kama mtu aliyeondoa mkono kwa kuona haya.

"Nenda," akasema.

Pikipiki ikaondoka. Walisikia injini ikiufikia mteremko, ikiupita, sauti ikiwa nyepesi mpaka ikapotea. Baadaye simu ya mama ikalia.

"Mama! Nimefika! Nimegusa sahani, ina joto la kawaida tu, naweza hata kuishikashika. Mwenye nyumba anasema mimi ni dereva mzuri kuliko—"

"Shusha mzigo, usivunje kigae," mama akasema, akakata simu.

"Afadhali," fundi alisema, akikusanya spana zake. "Twende basi tukampokee."

Fundi alitangulia. Alipofika pale barabara inapoanza kuinama, akageuka. Mama alikuwa bado amesimama mlangoni mwa gereji, mguu mmoja mbele, mkono wa kulia umebaki nyuma kidogo, hewani, kama mtoto anayevushwa barabara. Ngozi ya kifundo cha mkono huo ilikuwa imebonyea.

"Shemeji, vipi? Huji?"

"Tangulia," mama akasema. Hakuuvuta mkono. "Mimi sijaachiwa."