Mkamwana wa Jioni Moja

Bibie alikuwa mwanamke wa safari. Miaka nenda rudi alitoka Kyela mjini peke yake, akafika Matema siku moja kabla ya gulio, akachagua vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, kwa kuvigonga na kusikiliza mlio, akarudi navyo dukani bila hata kimoja kuingia ufa. Watu walimsifia vyungu. Hakuna aliyewahi kumsifia kwa kurudi mzima yeye mwenyewe, kana kwamba hilo lilikuwa linajiendea tu.

Goti lilipomgomea, kaka yake Abdulwahab akasema safari hizo sasa apewe mwanamume. Naila, binti wa Bibie, akasema ataenda yeye. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mjomba akakubali kwa shingo upande: aende mara hii, lakini akirudi na kisa chochote, hata cha kupotelewa na kanga, basi huo ndio mwanzo na ndio mwisho. Mlangoni Bibie alimpa binti yake neno moja tu. "Njiani usimwambie mtu unakolala."

Naila akalisahau kabla ya adhuhuri.

Alilisahau pale Ipinda, abiria wakingoja gari la Matema lijae. Mwanamume wa makamo, mnunuzi wa kakao anayejulikana kote huko, jina lake Jubilate, alikaa karibu naye akaanza maneno. Alikuwa mmoja wa wale wasiouliza, wanasimulia tu, na wewe kwa adabu zako unajikuta unajibu. Akasimulia shamba lake la Ikolo. Akasimulia mwanawe Gwamaka, mhandisi huko Dodoma, umri wa kuoa umefika na bado anachaguachagua. Akamnunulia soda ambayo Naila alikuwa ameikataa. Katikati ya hayo akachomeka: "Na wewe binti yangu, utafikia wapi?"

Mwenyeji wa siku zote wa mama yake alikuwa amehamia Tukuyu kwa wanawe, kwa hiyo Naila akataja nyumba ya wageni. Alisema ukweli kama mtoto aliyelelewa vizuri. Kulelewa vizuri kumewaponza wengi.

Walishuka Matema gari moja. Naila alipofika mapokezi, Jubilate alikuwa ameshaegemea kaunta kama mwenye nyumba.

"Chumba kimoja," alimwambia mhudumu. "Huyu yuko na mimi."

"Simjui huyu," Naila akasema.

Mhudumu, kijana aitwaye Tuntufye, akatabasamu kama mtu aliyeshuhudia ugomvi wa ndoa nyingi. "Dada, mmeshuka pamoja, nimewaona. Mkagombanie chumbani, siyo hapa."

Tazama jinsi jambo linavyofungwa! Mwanamume anasema neno moja na linakuwa kweli. Mwanamke analikana, na kukana kwake kunahesabiwa kuwa deko. Naila aliwaza kupiga kelele, akaona wote watasema ni mke na mume. Aliwaza kumpigia simu mjomba, akajua mjomba atakuja, na hiyo ndiyo itakuwa safari yake ya mwisho. Akachukua begi lake akatoka.

Jubilate akamfuata. Nje akalishika lile begi, taratibu, kwa tabasamu, akalichukua kama mtu anayesaidia. "Usinitie aibu, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wanatuangalia."

Na kweli walikuwa wanaangaliwa. Pale ufukweni wanawake walikuwa wakishusha vyungu kutoka kwenye mitumbwi na kuvipanga kwenye nyasi kwa ajili ya gulio la kesho. Naila alilisikia lile neno, aibu, na akili yake ikafunguka. Kumbe huyu bwana mkubwa alikuwa na kitu anachokiogopa. Akamkumbuka Kisa.

Kisa alikuwa jirani yao, aliyeolewa Mwaya. Siku moja wakiwa njiani, Kisa alichupa ghafla akatumbukia kwenye migomba, akachutama, akajifunika kanga kichwa kizima, mpaka mzee mmoja wa baiskeli akapita zake. "Mkwe wangu," alinong'ona baadaye, akijipangusa matope. Kwa Wanyakyusa wanaoshika desturi, mkamwana hamtazami baba mkwe, hali chakula naye, na wakikutana njiani ni yeye mkamwana anayepisha. Na baba mkwe anayemsogelea mkamwana wake hujipaka aibu isiyotoka kwa sabuni. Siku ile Naila alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Sasa hakucheka. Alivua kanga mabegani, akajifunika uso wote, akampa Jubilate mgongo, akachutama katikati ya vyungu.

"Akina mama, nisaidieni!" akapaza sauti. "Mwambieni mkwe wangu apite! Mimi ni wa Gwamaka. Siwezi kumtazama mzee Jubilate!"

Mwanamke aliyekuwa na chungu kichwani alisimama nacho vilevile. Chini ya kanga, jasho likimtiririka, Naila alijua amekosea mahali, ila hakujua ni wapi.

Alikuwa ametaja jina. Mkamwana halitaji jina la baba mkwe. Wapo ambao hata neno linalofanana nalo hulikwepa maisha yao yote. Palepale kila mwanamke alijua kwamba huyu binti wa mjini hakuwa mkamwana wa mtu yeyote.

Jubilate naye alijua. Akaangua kicheko. "Mnamsikia? Mwongo huyo! Jina ametaja! Mimi simjui kabisa."

Mama mmoja akasimama. Aliitwa Marta, na udongo wa ufinyanzi ulikuwa umemkaukia mpaka viwikoni. Alimwendea Naila, akampiga kofi jepesi begani.

"Gwe mwana!" akafoka. "Nani kakufundisha kumtaja mkwe? Huko mjini mnaolewa ovyoovyo, hata adabu hampewi! Funika huo uso vizuri!"

Kisha akamgeukia Jubilate, akiwa amesimama mbali naye kwa heshima zote. "Na wewe, tata, baba yetu. Humjui, umesema?"

"Simjui!"

"Ndaga, asante. Basi begi lake linafanya nini mkononi mwako?"

Jubilate akalitazama begi. Akasema, yaani, anamjua, walipanda gari moja. Kumbe anamjua, wanawake wakaitikia. Kama anamjua na ni mkwe, mbona ameshika begi la mkamwana? Na kama hamjui, mbona anatembea na begi la mtoto wa watu? Walimwuliza kwa zamu, kwa Kinyakyusa, kwa Kikisi na kwa Kiswahili, wakisogea kidogokidogo, mpaka wakawa ukuta kati yake na Naila. Hakuna aliyemtukana. Tuntufye alichungulia nje, akarudi ndani haraka kuliko alivyotoka. Begi likawekwa chini, na jua lilikuwa bado halijazama pale mnunuzi wa kakao alipopanda bodaboda kurudi alikotoka.

Naila alilala kwa Marta. Asubuhi, wakichagua vyungu pamoja, akashindwa kujizuia.

"Mama, jana ulijua nadanganya?"

"Mwanangu, mkamwana wa kweli angemeza ulimi kabla ya kulitaja jina lile. Tulijua wote."

"Sasa mbona ulinitetea?"

Marta alikitua chungu alichokuwa amekishika. "Desturi ile nimeiogopa ndoa yangu yote. Nimenyeshewa vichakani kwa kumkwepa mkwe. Jana ndiyo mara ya kwanza kuiona inamwogopesha mwanamume. Ningeiachaje ipite?" Akacheka mpaka ikabidi akae chini, na Naila akampenda mama yule kwa moyo wake wote.

Vyungu vilifika Kyela vizima. Habari nazo zilifika, tena kabla ya vyungu, maana habari haingoji gari lijae. Abdulwahab akaja dukani amevimba. "Nilisema akirudi na kisa basi!"

"Amerudi na kisa," Bibie akajibu, goti lake likiwa limenyooshwa juu ya kigoda, "na begi lake, na heshima yake, na vyungu vyangu. Huyo mwanamume uliyetaka nimtume, angekutana na Jubilate, angerudi amenunuliwa soda." Naila akapanga safari nyingine.

Mvua zilikuwa zimeanza alipopita tena Ipinda. Gari lilikwama kabla ya kituo, abiria wakashuka kutembea kwa miguu juu ya tuta jembamba katikati ya mashamba ya mpunga. Mbele yake, akija upande wake, alikuwa Jubilate. Pande zote mbili wanawake waliokuwa wakipandikiza mpunga waliinua vichwa, na mmoja akamnong'oneza mwenzake.

Naila hakugusa kanga yake. Aliendelea kutembea katikati ya tuta, macho mbele.

Jubilate akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akawaona wale wanawake. Kisha akashuka tutani, akaingia majini mpaka magotini, akageuka akampa mgongo, akangoja mkamwana apite.

Naila akapita. Hakuharakisha.