Mto Uliochoka Kupanda Mlima

Usiku wa jana niliota, na mpumbavu wa siku hiyo nilikuwa mimi, kwa hiyo msinitafutie mwingine.

Mchana nilikuwa nimemaliza ramani ya mchezo wangu wa kompyuta, ule ambao mchezaji anajenga mji mpaka unakuwa dola. Nilichora mto unaotoka baharini, unapanda mlima, kisha unashukia bahari ya pili, ili meli za vita zikate nchi katikati. Mke wangu Leokadia, aliyekulia Ifakara karibu na kivuko, alichungulia kioo.

"Baba Devota, huo mto unapanda mlima?"

"Huu ni mchezo, mama. Humu maji yanafuata amri yangu."

"Haya."

Leokadia akisema "haya" namna ile, ujue kesi imeahirishwa tu.

Basi nikalala, nikajikuta ndani ya ramani, nimevaa bukta na ndala. Mto umekaa juu ya jiwe kileleni, unajikanda magoti.

"Shikamoo," nasema, maana ni mkubwa kwangu.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyenichora?"

"Ndiye mimi."

"Napanda tangu saa nane mchana. Naomba kushuka."

"Shuka tu, mzee."

"Nipite wapi? Bondeni umeweka mji."

Kweli. Mji wangu umejaa bonde zima kama ugali kwenye bakuli. Niliuweka pale kwa sababu rangi ya kijani ilinipendeza.

Mara niko mjini. Sanamu inakohoa, na nyuma yake wanatoka watu elfu moja, watu wazima, wana mabegi. Ndiyo kanuni niliyoiandika: kila sanamu moja, wakazi elfu moja. Nilijenga sanamu thelathini.

Mama mmoja mwenye kikaango kichwani ananisimamisha. "Kaka, soko liko wapi?"

"Bado. Linafunguliwa baada ya zamu ishirini za mchezo."

"Na mpaka hapo tunakula nini?"

"Furaha." Nayo niliiandika mwenyewe: mji hula furaha.

Anafungua begi lake, anachungulia ndani kwa makini, analifunga.

"Na hapa tumekuja kufanya nini?"

Natazama ndala zangu. Na mimi ndiye niliyewahi kufungua kibanda cha chipsi nyuma ya kiwanda kilichokwisha kufungwa, nikakaa miezi miwili natazamana na mafuta. Somo hilo nililipia kwa jasho. Nilipopewa dunia nzima niigawe, nikarudia lile lile, safari hii kwa watu elfu thelathini.

Mto unaita kutoka juu, kwa upole: "Kijana, magoti yamekwisha. Nahesabu mpaka kumi, kisha najiachia."

Natoa kifutio mfukoni nifute sanamu, mto upate njia. Mama ananishika mkono.

"Ukiifuta hiyo, na sisi tunafutika."

"Sasa nifanye nini?"

"Moja," mto unasema.

"Muulize atapitia wapi," mama anasema. "Hujawahi kumuuliza."

Namuuliza. Mto unaonekana kushangaa. Unanyoosha mkono: utapita katikati ya bonde, na mbele kule kwenye mawe utakuwa mwembamba, maji ya magotini.

"Basi ni pale pale," mama anasema, tayari anatembea. "Ila tukae ukingoni juu. Watu watafika pale, siku ya mvua watakuta maji yamejaa, watasubiri. Anayesubiri anasikia njaa. Nami nina kikaango."

"Huo ndio mji?"

"Mji ni watu waliochelewa kuvuka, kaka. Beba begi."

Nabeba. Watu elfu thelathini wanapanda ukingo, hakuna anayesukumana. Mto umefika tisa na unaivuta ile tisa kwa huruma, kama mwalimu anayesubiri mtoto wa mwisho amalize mtihani. Mguu wa mtu wa mwisho unagusa ukingo.

"Niazime ndala moja," mto unaniambia. "Huko chini kuna mawe makali."

Navua ya kushoto. Mto unaivaa, unashuka, unapumua kwa mara ya kwanza. Sanamu thelathini zinaelea zikitazama juu.

Watu wametawanyika kando ya maji, wanalima. Pale penye mawe vimesimama vibanda sita, na harufu ya samaki wa kukaanga.

"Mji ni mdogo mno," nasema.

"Subiri masika," mama anasema, akigeuza samaki.

Nikaamka. Jua limeshatoka, Leokadia anafagia uwanja. Nikapapasa chini ya kitanda: ndala ya kulia ipo, ya kushoto haipo.

"Mama Devota, umeona ndala yangu?"

"Iko kule chini mtaroni. Imejaa mchanga mbichi."

Nyumba yetu iko mlimani, na mtaro uko hatua mia moja chini. Mvua haijanyesha wiki ya tatu sasa. Nikasimama mlangoni kwa mguu mmoja, nikaanza ubishi.

"Haiwezekani. Niliivulia hapa kitandani. Itafikaje chini kule?"

Leokadia hakuacha hata kufagia.

"Kwani ulitaka iende juu?"